Usingizi wa Kununua

Piriton ni dawa ya mzio. Hupewa mtu anayepiga chafya, anayewashwa ngozi, aliyeumwa na mdudu. Lakini uliza mtu yeyote mtaani, kuanzia Kwa Kathule hadi Mlolongo, atakuambia Piriton ni dawa ya kulala. Tumeifanya utani wa taifa. Una safari ya basi la usiku kwenda Mombasa? Piriton. Umeachwa na mpenzi? Piriton mbili na blanketi zito. Kenya nzima inajua kazi ya hiki kidonge, isipokuwa labda waliokitengeneza.

Utani huo una jambo zito chini yake. Usingizi, kitu ambacho mwili hutengeneza bure kila usiku, una duka. Duka hilo limekuwa wazi kwa zaidi ya miaka 160, na historia yake ina tabia ya kujirudia kama wimbo ulioganda. Kidonge kipya kinaingia sokoni. Wanaokiuza wanaapa kwamba hakina ubaya wa kile cha zamani. Watu wanakizoea, kisha wanashindwa kukiacha. Kizazi kizima kinapita ndipo onyo linachapishwa kwa herufi nene. Kufikia hapo, kidonge kingine kiko njiani.

Piriton ni mtoto mdogo katika ukoo huu. Wakubwa wake ndio nataka tuwaongelee, kwa sababu wako hapa, kwenye kibahasha kidogo kilichoandikwa 1×1 kwa kalamu, na wengi wanaovimeza hawajawahi kuambiwa hii stori.

*

Tuanze nyumbani, kabla ya kidonge.

Machakos ni mzee kuliko Nairobi. Waingereza walikuwa na ngome yao hapa chini ya vilima vya Iveti kabla Nairobi haijawa chochote zaidi ya bwawa la maji baridi, na John Ainsworth aliendesha utawala wake hapa kuanzia 1892. Mwaka 1899 reli ikapita mbali, makao yakahamia Nairobi, na Machakos ikabaki na majengo, miti na kumbukumbu.

Katika simulizi za Wakamba, hata hiyo reli ilitokea kwanza usingizini. Nabii Syokimau, inasemekana, aliona ndotoni nyoka mrefu anayetema moshi, akitoka maji makubwa kwenda maji mengine, na watu wageni waliobeba moto mifukoni. Leo jina lake liko kwenye kituo cha treni kilichofunguliwa 2012, na kwenye mtaa wa magorofa ambako watu wengi hawalali vizuri kwa sababu ya mikopo na ndege zinazopita juu.

Ninachotaka tukione ni hiki. Katika dunia ya Syokimau, usiku ulikuwa na maana. Ndoto ilikuwa ujumbe, pengine wa aimu, wale waliotangulia. Mtu aliyesumbuliwa usiku alikwenda kwa mundu mue, na swali aliloulizwa lilihusu maisha yake: umegombana na nani, umemzika nani, ni deni gani hujalipa? Sisemi dawa ya mundu mue ilikuwa bora, wala simwambii mtu arudi huko. Nasema tu kwamba kukosa usingizi kulisomwa kama dalili ya kitu kingine. Duka la usingizi lilipofunguliwa Ulaya, lilibadilisha swali lenyewe. Badala ya kuuliza kwa nini hulali, likauliza: unataka ngapi?

*

Mwaka 1857, daktari wa London anayeitwa Charles Locock aliripoti kwamba bromaidi inatuliza kifafa. Muda si muda chumvi hiyo ikawa dawa ya kutuliza kila mtu. Shida ni kwamba bromaidi hutoka mwilini polepole sana. Ukinywa leo na kesho na keshokutwa, inajikusanya kama maji kwenye mtungi, hadi siku moja mtu anaanza kusahau, kuyumba na kusikia sauti.

Mwaka 1869, Oscar Liebreich wa Berlin akaleta klorali, kemikali ambayo Justus von Liebig alikuwa ameitengeneza tangu 1832 bila kujua kazi yake. Hii ilimwangusha mtu usingizini kweli kweli. Mchoraji na mshairi Dante Gabriel Rossetti aliandikiwa ili alale; akaishia kuwa mtumwa wake, akiisindikiza na pombe, hadi alipofariki 1882.

Kuna mtu mmoja anayetuunganisha na kipindi hicho. Mwandishi Evelyn Waugh alipita Zanzibar, Kenya na Uganda mwaka 1930 na 1931, akala na kunywa na masetla wa hapa, akaandika kitabu cha safari. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, 1954, alipanda meli kwenda Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka leo. Alikuwa amezoea kunywa klorali na bromaidi pamoja na pombe ili alale. Melini akaanza kusikia abiria na mabaharia wakimsengenya kupitia kuta na mabomba. Aliamini kabisa. Aliporudi London, madaktari wakagundua ni sumu ya bromaidi. Walipomwachisha, sauti zikanyamaza. Mwaka 1957 akaigeuza kuwa riwaya. Kumbuka tarehe: karibu miaka mia moja baada ya Locock, bado mtu msomi mwenye pesa na daktari wake alikuwa anakunywa ile ile dawa bila kujua inachomfanyia.

Kufikia hapo duka lilikuwa limeshabadilisha bidhaa. Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering walitangaza Veronal, kidonge cha kwanza cha jamii ya babiturati. Mwaka 1912 ikafuata Luminal, ambayo wauguzi wetu wanaijua kwa jina la fenobabitoni, na hadi leo ni msaada mkubwa kwa watu wenye kifafa kwa sababu ni ya bei nafuu. Lakini kama dawa ya kulala, babiturati zilikuwa na kasoro ya kutisha: kipimo cha kulalia na kipimo cha kuulia vilikuwa majirani wa ukuta mmoja. Mtu anayemeza, anasahau kama amemeza, anameza tena, haamki. Marilyn Monroe alifariki Agosti 1962, na damu yake ilikutwa na babiturati na klorali, mjukuu na babu wakiwa pamoja.

Na uraibu? Kwa miongo kadhaa ilisemekana ni tabia mbaya tu ya watu dhaifu. Mwaka 1950 ndipo Harris Isbell na wenzake, huko Lexington, Kentucky, walipochapisha ushahidi usiopingika: mtu aliyezoea babiturati akikatiziwa ghafla, anatetemeka, anapata degedege, anachanganyikiwa. Yaani ni mwili, si tabia. Kutoka Veronal hadi karatasi ya Isbell ni miaka 47.

*

Baada ya hapo kila kampuni ilitaka kidonge cha kulala ambacho si babiturati. Tarehe 1 Oktoba 1957, kampuni ya Ujerumani Magharibi, Chemie Grünenthal, ikaanza kuuza Contergan. Ilikuwa dawa ya usingizi na kutuliza, iliyosifiwa kwa usalama wake hadi ikauzwa bila cheti cha daktari. Wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Dawa yenyewe ilikuwa thalidomaidi. Iliuzwa katika nchi zaidi ya 40 kwa majina tofauti, na watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa wakiwa na mikono na miguu mifupi au bila viungo hivyo kabisa. Ilitolewa sokoni Ujerumani Novemba 1961. Marekani iliponea kwa sababu afisa mmoja, Frances Oldham Kelsey, alikataa kuipitisha, akiendelea kudai ushahidi huku kampuni ikimsukuma.

Watu wakisikia thalidomaidi wanafikiria ujauzito. Wachache wanakumbuka kwamba ilianza kama kidonge cha kulala, na kwamba neno lililoiuza lilikuwa "salama".

Mwaka huo huo wa 1957, hapa Kenya, ilianza kutumika Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244. Ndiyo sheria iliyotuachia ile Bodi ya Famasia na Sumu ambayo cheti chake unakiona kimetundikwa ukutani kwa kemisti. Penda jina lake: dawa na sumu katika sentensi moja. Waliotunga walijua kitu ambacho matangazo hayasemi.

*

Sasa tufike kwa yule mkubwa wa sasa.

Leo Sternbach alikuwa mkemia Myahudi kutoka Krakow, ambaye mwajiri wake, kampuni ya Roche, alimhamishia Marekani mwaka 1941 akikimbia Wanazi. Mwaka 1957 walikuwa wanasafisha meza ya maabara pale Nutley, New Jersey, wakakuta kemikali iliyowekwa kando bila kupimwa. Ikapimwa. Wanyama wakatulia bila kulala fofofo. Mwaka 1960 ikauzwa kama Librium. Mwaka 1963 akaja mdogo wake mwenye nguvu zaidi: Valium, yaani diazepamu. Hizi ndizo benzodiazepini.

Zilikuwa hatua kubwa kweli, tusidanganyane. Ukimeza nyingi peke yake, uwezekano wa kufa ni mdogo sana kuliko babiturati. Diazepamu inakata degedege kwa dakika chache. Kuna watoto wengi wako hai leo Kenya kwa sababu zahanati ilikuwa nayo. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na inastahili. Lakini dunia haikuitumia kwa degedege tu. Mwaka 1978, Valium ilipofika kileleni, Wamarekani walinunua vidonge bilioni 2.3.

Onyo je? Lilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya Librium kuingia sokoni, Leo Hollister alichapisha utafiti wa wagonjwa 11 waliopewa Librium kwa kipimo kikubwa kwa miezi, kisha wakabadilishiwa kidonge kitupu bila kujua. Kumi kati yao walipata dalili mpya za kuachishwa. Wawili walipata degedege. Karatasi ikasomwa, ikawekwa kabatini. Jibu lilikuwa kwamba ni kipimo kikubwa mno, watu wa kawaida hawana shida.

Watu wa kawaida wakaendelea kusema wana shida. Uingereza, Malcolm Lader alionyesha kwamba hata kipimo cha kawaida cha hospitali kinaleta utegemezi. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ikaagiza: wiki mbili hadi nne, basi. Maelfu ya wagonjwa walishtaki watengenezaji. Kesi ikameza pesa nyingi za msaada wa kisheria na kuporomoka kabla ya hukumu. Marekani ilisubiri hadi 2020 kuweka onyo kali zaidi kwenye pakiti kuhusu utegemezi wa benzodiazepini zote. Toka Hollister 1961 hadi 2020 ni miaka 59. Mtu aliyezaliwa siku karatasi ile inachapishwa alikuwa anajiandaa kustaafu.

*

Kwa nini mwili unashikwa? Fikiria ubongo kama matatu. Una aksileta na una breki. Breki kubwa ni kemikali inayoitwa GABA. Benzodiazepini haziongezi breki mpya. Zinaongeza uzito wa mguu kwenye breki iliyopo. Gari linapunguza mwendo, unalala.

Lakini ubongo hauko tu hapo unasubiri. Ukiona breki imekanyagwa kila usiku, unaanza kujirekebisha: unalegeza breki yake, unakaza aksileta. Baada ya wiki chache kidonge kile kile hakilazi tena kama mwanzo. Hapo mtu anaongeza. Na akiacha ghafla, mguu umetoka kwenye breki iliyolegea huku aksileta imekazwa. Usingizi unapotea zaidi ya ulivyokuwa kabla ya kuanza, moyo unakwenda mbio, jasho, mikono inatetemeka, sauti ndogo inakuwa kelele, na kwa wengine degedege. Pwani, watu wa unga wana neno la hali ya mwili unaodai ulichozoea: arosto. Wengi hatujazoea kulitumia kwa mtu aliyeandikiwa dawa akiwa amevaa nguo za kanisani.

Kuna na madhara ya mchana. Diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo usingizi wa Jumatatu unakufuata hadi Jumatano: kichwa kizito, kusahau, kujikwaa. Kwa wazee, kuanguka na kuvunjika nyonga ni hatari iliyoandikwa vizuri. Usingizi wenyewe si ule ule; sehemu ya usingizi mzito, ile inayourudisha mwili, hupungua. Na ukichanganya na pombe au dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, breki mbili zinakanyagwa pamoja na mtu anaweza kuacha kupumua.

*

Nina shangazi. Nitasema machache, kwa ruhusa yake.

Alifiwa na mume. Wiki ile ya matanga hakulala, na katika kituo kimoja cha afya akapewa vidonge 14 vya diazepamu. Ilikuwa sawa kabisa. Hata wale Waingereza wa 1988 wangekubali. Vilipoisha, akaenda kwa kemisti na kibahasha kitupu. Muuzaji akasoma jina, akahesabu vingine. Shilingi 20 kwa kidonge. Hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyemlazimisha. Hakuna tu aliyemwambia siku ya kusimama. Wiki mbili zikawa miaka mitatu.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nalala kwenye kochi la sebule yake, naandikia wateja wa mbali usiku. Nilimzoea hivyo: saa nne kidonge, asubuhi ugali wa jana umeachwa jikoni bila kufunikwa, simu iko kwenye friji. Tukacheka, tukasema uzee. Ana miaka 52.

Kisha tukaenda mazishi Mwala, tukakaa, na vidonge vikaisha. Siku mbili za kwanza, sawa. Siku ya tano alikuwa anatetemeka, analowa jasho, anasema mabati yanaongea. Mmoja akasema malaria. Kipimo kikatoka safi. Mwingine akasema marehemu hajaridhika, wafanye jambo. Ilichukua kliniko ofisa mmoja kijana kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kwa miaka mitatu: "Mama, kuna dawa huwa unameza usiku?"

Shangazi alilia aliposikia neno uraibu. Alikuwa na picha ya teja: kijana wa stendi, meno yameisha, anaomba kumi. Yeye ni mama wa chama, mweka hazina. Lakini ubongo hausomi kadi ya chama. Hausomi pia kama kidonge kilitoka kwa daktari au kwa mlango wa nyuma.

*

Mlango wa nyuma upo. Dawa za ukoo huu huu zina maisha ya pili mtaani. Rohypnol, ambayo ni flunitrazepamu, Pwani imeitwa bugizi kwa miaka mingi. Ilitumiwa vibaya kiasi kwamba mwaka 1995 ikawa benzodiazepini ya kwanza kuhamishiwa kwenye kundi lenye udhibiti mkali zaidi chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Roche ikabadilisha kidonge kiwe kinageuza kinywaji kuwa cha bluu, ili mtu aone. Kenya ilitunga sheria yake ya mihadarati na dawa za kuathiri akili mwaka 1994, na ikajiunga na mkataba ule mwaka 2000.

Nairobi na miji ya jirani tuna neno "mchele": dawa ya kulewesha inayotiwa kwenye glasi ya mtu baani, anaamka bila simu, bila pesa, bila kumbukumbu. Kila tukisikia mchele tunapata hasira, na ni haki. Lakini kupoteza kumbukumbu ni kazi ya kawaida ya dawa hizi, iwe zimewekwa na mwizi au zimemezwa kwa hiari na maji ya moto. Tofauti ni ridhaa. Na ridhaa bila habari ni nusu tu ya ridhaa.

*

Miaka ya 1980, duka likaleta raundi nyingine: zopikloni na zolpidemu. Zolpidemu iliingia sokoni Ufaransa kwa jina Stilnox mwishoni mwa miaka hiyo, na Marekani 1993 kwa jina Ambien. Zinagusa breki ile ile, lakini kwa muda mfupi zaidi. Ahadi? Umekisia. Hazina uraibu kama benzodiazepini.

Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipunguza kipimo cha zolpidemu kwa wanawake kwa nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huitoa polepole na walikuwa wanaendesha magari asubuhi dawa ikiwa bado kwenye damu. Wanawake walikuwa wamemeza kipimo kile kwa miaka ishirini. Mwaka 2019 likaja onyo la sanduku jeusi: watu wanatembea, wanapika, wanaendesha gari wakiwa usingizini, na wengine wamekufa hivyo. Utegemezi nao ukaonekana, kama kawaida.

Sasa angalia kaunti yetu. Watu milioni 1.42 kwa sensa ya 2019. Reli iliyotukwepa 1899 ilivuta viwanda upande wake: Athi River kuna saruji, kuna vyuma, na eneo la viwanda vya kuuza nje lililotokana na sheria ya 1990, ambako zamu ya usiku ni kitu cha kawaida. Mlolongo malori hayazimi injini. Na ndani ya bedsita za Machakos mjini, nyuma ya chuo, kuna vijana wa akaunti, wanaoandika insha za wanafunzi wa Marekani. Kazi ikitakiwa saa sita usiku New York, kwetu ni saa moja au saa mbili asubuhi. Tunakunywa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu hadi alfajiri, kisha jua linatoka, boda zinaanza kupiga honi, na mwili hauelewi tena ni saa ngapi. Hapo ndipo mtu anakuambia, kwa upole kabisa, "Nina kitu kitakusaidia."

Huko kwenye zamu za usiku, kukosa usingizi hakuna siri yoyote ya kemia. Ni ratiba, ni kodi ya nyumba, ni mkopo wa simu unaolipwa na mkopo wa simu mwingine. Kikosi Kazi cha Afya ya Akili kilichoongozwa na Daktari Frank Njenga kilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako Nairobi. Kwa hiyo mtu wa kwanza, na mara nyingi wa pekee, anayesikiliza usiku wako ni kijana wa kemisti, na yeye ana foleni.

*

Kutoka kunawezekana. Hii ni sehemu ya historia pia, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Mwaka 1982, Profesa Heather Ashton alifungua kliniki Newcastle, Uingereza, kwa watu waliotaka kuacha benzodiazepini. Aliiendesha hadi 1994 na kuhudumia takriban wagonjwa 300. Alifanya kitu ambacho wengi hawakuwa wamefanya: aliwasikiliza. Mwongozo alioutoa 1999 una ujumbe mmoja mkuu: usikate ghafla. Punguza kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, kwa kasi ya mgonjwa, chini ya uangalizi. Ubongo uliolegeza breki unahitaji muda kuikaza tena.

Shangazi alitumia miezi kumi na moja. Daktari alipanga vipimo, mimi nikawa mtu wa daftari: tarehe, kiasi, saa alizolala. Kuna wiki alirudi nyuma, tukasimama hapo hapo bila kupunguza, tukaendelea. Leo analala saa tano, anaamka saa kumi na moja. Siku nyingine anaamka saa nane usiku na kukaa tu. Anasema hakujua kama usiku una sauti za vyura kiasi hicho.

Na kwa usingizi wenyewe, Chuo cha Madaktari cha Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu si kidonge. Ni tiba ya mazungumzo na mazoea: saa moja ya kuamka kila siku, kitanda kwa kulala tu, kutoka kitandani usingizi ukikataa, kuifanyia kazi hofu ya kutolala. Haina pakiti na hakuna kampuni itakayoitangaza kwenye bango pale Makutano ya Kyumbi. Inachukua wiki kadhaa. Lakini ukiiacha, haikudai.

Tayari kuna raundi mpya. Mwaka 2014 Marekani ilipitisha suvoreksanti, kidonge kisichogusa breki ya GABA kabisa. Kinazima kengele ya kuamka. Kinasemekana kuwa na hatari ndogo ya utegemezi. Huenda ni kweli. Sayansi huwa inasonga mbele, na si kila ahadi ni uongo. Ila ukishaisoma historia hii, unajua kwamba Veronal ilihitaji miaka 47 kusemwa ukweli, na Librium 59, na kwamba waliolipia muda huo ni waliomeza.

Kwa hiyo kama unameza sasa, usiache leo usiku kwa sababu ya makala. Nenda kwa daktari au kliniko ofisa, beba kibahasha chako, sema ukweli wote, pamoja na pombe. Na kama hujaanza, na uko mbele ya kaunta, na umechoka kweli, uliza kabla ya kulipa: nitameza kwa siku ngapi, na nani atanisaidia kuacha? Aliye nyuma ya kaunta akiwa na jibu, mko salama nyote wawili. Akikuuliza tu unataka ngapi, rudisha pesa mfukoni.